Usingizi unaokwenda na maji

Mjomba wangu alikuwa akila kiporo saa nane za usiku. Likizo za shule nilizimalizia kwake, katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, na mara nyingi nilishtuliwa na mlio wa mfuniko wa sufuria. Nikitoka na kibatari namkuta jikoni ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sahani mapajani, anakula ugali wa jana na mchuzi wa tasi kwa utulivu wa mtu aliye katika chakula cha mchana. Taa haikuwa na faida kwake. Macho yake yote mawili yalitolewa hospitali miaka ya nyuma, baada ya baruti aliyokuwa akiwapigia samaki kumlipukia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda siku hiyohiyo. Utambi ulikuwa mfupi. Hilo tu ndilo alilokubali kulisema.

Akishanawa, alishika nyavu za watu na kuzishona hadi adhana ya alfajiri. Sisi tukiamka, yeye ndiyo kwanza anapiga miayo. Saa nne asubuhi yuko kibarazani amelala fofofo. Wapita njia hupiga hodi mara tatu bila jibu, na wakiondoka wanasema maskini, kakata tamaa.

Kisha, bila dawa wala kafara, usingizi ulirudi mahali pake. Kwa wiki mbili hivi alilala baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akaamka na jogoo, akenda msikitini kashika bega langu, akarudi na hamu ya chai. Nyumba nzima ikapumua. Halafu mambo yakaanza kuteleza tena: leo kachelewa kidogo kulala, kesho kachelewa zaidi, mpaka mlio wa mfuniko ukarudi.

Mkazamjomba alikuwa na maelezo yake: pepo wa baharini anamdai mumewe kwa zile baruti. Alikuwa akitia alama kwa kipande cha mkaa kwenye kalenda ya ukutani kila usiku mbaya, ili mganga akiuliza, awe na jibu. Majirani walisema ni mawazo. Mjomba mwenyewe alicheka tu. "Mpwa wangu," aliniambia siku moja, "huu usingizi unakwenda na maji. Leo ukija saa tatu, kesho saa tatu na nusu, keshokutwa saa nne. Hauna haraka, lakini haurudi nyuma."

Kwa msomaji wa bara nifafanue. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini haifuati saa ya ukutani. Inafuata mwezi, kwa hiyo maji ya leo yatachelewa kesho kwa dakika 50 hivi. Mvuvi asiyejua hilo atakuta dau limekaa mchangani. Mjomba aliijua hesabu hii tangu utotoni, akaitumia kuelezea kitu ambacho hakuna mtu kijijini, wala mimi na elimu yangu ya baadaye, aliyekuwa na neno la kukieleza.

Nilidhani anatania. Miaka mingi ikapita ndipo nikasoma habari ya mwanamume mmoja wa Marekani, asiyeona, ambaye kisa chake kilichapishwa mwaka 1977 katika jarida la Science. Alikuwa mzima wa akili, akiishi na kufanya kazi kama watu wengine, ila usingizi ulimtesa kwa vipindi: majuma ya nafuu, majuma ya adha. Watafiti walimpima joto la mwili, wepesi wa akili, homoni ya kotisoli na chumvi zinazotoka kwenye mkojo. Vyote vilikuwa na siku yao wenyewe, siku yenye urefu wa karibu saa 24.9. Wenyewe waliandika kwamba urefu huo haukutofautiana na ule wa siku ya mwezi. Kwa maneno mengine, usingizi wa Mmarekani yule ulikuwa ukienda na maji.

Mwezi haukuhusika, lakini. Kilichohusika ni saa ambayo kila mmoja wetu anayo kichwani. Ni kishada kidogo cha maelfu ya seli kila upande wa ubongo, kilichokaa ndani ya haipothalamasi, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho mawili inapishana. Kishada hicho kinajiendesha. Hata ukimfungia mtu pangoni bila mwanga wala redio, ataendelea kusinzia na kuamka kwa zamu. Tatizo ni kwamba saa hiyo haijapigwa sawasawa na dunia. Timu ya Harvard ilipoipima kwa makini na kutoa matokeo mwaka 1999, wastani ulikuwa saa 24 na dakika 11. Wengine inazidi hapo, wachache inapungua.

Dakika 11 zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini saa ya ukutani inayochelewa dakika 11 kila siku itakukosesha basi la asubuhi kabla wiki haijaisha. Ya mwilini haitukoseshi kwa sababu kila asubuhi mwanga huisukuma irudi mahali pake. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati, kwa kuwa karibu na ikweta jua halibadilishi sana tabia. Linachomoza na kuzama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima. Ndiyo maana tukaweza kuhesabu saa kwa namna yetu, moja ikiwa ni saa ya kwanza ya mwanga. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulalamika kwamba hesabu hii inamchanganya. Kumbe kile kishada kichwani mwake kinahesabu vilevile: siku inaanza pale mwanga unapogusa jicho.

Mwanga usipofika, zile dakika zinarundikana. Mtu mwenye saa ya 24 na nusu atasogea nusu saa kila siku, na itamchukua siku 48 kuzunguka mchana na usiku mpaka arudi alipoanzia. Katikati ya mzunguko huo mwili wake uko usiku wa manane wakati mtaa mzima uko sokoni. Hapo ndipo tezi ya pineali inapoingia.

Tezi hii ni ndogo kama punje ya mchele, imejificha katikati kabisa ya ubongo. Mfaransa René Descartes, katika karne ya 17, aliamini ndiyo makao ya roho, na hadi leo wapo wanaouza mtandaoni mafunzo ya kuifungua kama jicho la tatu. Pesa ni zako, lakini ujue kwamba jicho la tatu ni habari ya mijusi. Baadhi yao wana kweli kijicho utosini kinachohisi mwanga, na ndege nao tezi yao hupata mwanga unaopenya fuvu. Kwetu sisi mamalia uwezo huo ulishatoweka. Pineali ya binadamu inakaa gizani daima, na yote inayoyajua kuhusu mchana na usiku inaambiwa.

Inaambiwa kwa njia ndefu ya kushangaza. Habari ya mwanga hutoka kwenye retina, inakwenda kwenye ile saa, na badala ya kukata moja kwa moja hadi kwenye tezi iliyo sentimita chache tu nyuma yake, inateremka kwenye uti wa mgongo mpaka sehemu ya juu ya kifua, inatoka nje, inapanda tena shingoni na kurudi ndani ya kichwa. Ni kama barua ya kwenda nyumba ya jirani ipitie Dodoma. Ushahidi wa njia hii uko kwa watu waliovunjika shingo na uti wa mgongo ukakatika kabisa: macho yao ni mazima, saa yao ni nzima, lakini pineali haipati agizo na haitoi homoni yake ya usiku.

Homoni yenyewe ni melatonini. Aliyeitenga ni Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958. Hakuwa na habari na usingizi. Alikuwa akitafuta tiba ya mbalanga. Ilikuwa imejulikana tangu 1917 kwamba viluwiluwi wa chura wakipewa pineali ya ng'ombe, ngozi yao hupauka, naye akaona huenda humo mna siri ya rangi ya ngozi. Akakusanya tezi za ng'ombe kutoka machinjioni, maelfu kwa maelfu, akazichuja mpaka akapata kitu chenyewe. Mbalanga haikupona. Jina alilokipa ndilo tunalolisoma leo kwenye vichupa vya dawa za usingizi.

Aliyeonyesha jinsi tezi hiyo inavyotengeneza homoni yake na kufuata usiku na mchana alikuwa Julius Axelrod, mtafiti wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake nyingine ya mishipa ya fahamu. Ujanani, chupa ya amonia ililipuka maabara na kumharibu jicho la kushoto. Katika picha zake amevaa miwani yenye kioo kimoja cheusi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi nikimfikiria mjomba.

Melatonini haipaswi kuitwa homoni ya usingizi, ingawa ndivyo inavyouzwa. Panya nao huitoa usiku, wakati wao ndio wako mbioni darini. Ni homoni ya giza: inauambia mwili kwamba sasa ni usiku, kisha kila kiumbe hufanya kile ambacho usiku wake unataka. Kwa binadamu inaanza kupanda saa mbili hivi kabla ya kulala, inafika kilele usiku wa manane, inashuka asubuhi. Na ukimwashia taa kali katikati ya usiku, inakatika. Daktari wa akili Alfred Lewy na wenzake walilithibitisha hilo mwaka 1980, wakati wengi waliamini binadamu ametoka kwenye utawala wa jua.

Basi asiyeona, pineali yake inakuwaje? Wengi hudhani inakufa kama taa iliyokatiwa umeme. Haifi. Inaendelea kutoa melatonini kila "usiku", ila ni usiku wa ile saa yake isiyosahihishwa, ambao unaweza kuangukia saa saba mchana. Lewy huyohuyo aliyaona hayo mapema miaka ya 1980: baadhi ya watu wasioona melatonini yao ilipanda wakati uleule kama watu wengine, baadhi ilipanda wakati wa ajabu lakini palepale kila siku, na baadhi ilikuwa ikihama. Mjomba alikuwa wa kundi hili la mwisho. Wala hakukosa dalili za wakati: adhana mara tano, redio, jogoo, kelele zetu, harufu ya maandazi ya jirani. Alijua saa ni ngapi kuliko sisi. Mwili wake ndio haukuambiwa, na hiki kiporo cha saa nane kilikuwa ni tumbo linalodai chakula cha mchana wake.

Lakini hapo pana fumbo. Mwalimu mmoja niliyemfahamu Morogoro aliharibikiwa retina kwa ugonjwa wa kurithi. Hauoni mkono wake mwenyewe ukimpungia usoni. Hulala saa nne, huamka saa kumi na moja, miaka nenda rudi. Yeye na mjomba wote ni wasioona. Kwa nini mmoja anaelea na mwingine ametia nanga?

Jibu lilianza na panya. Mnamo miaka ya 1920 Mmarekani Clyde Keeler, akiwa bado mwanafunzi, aligundua panya waliozaliwa vipofu ambao mboni zao ziliendelea kusinyaa wakimulikwa. Jambo hilo likaachwa. Vitabu vilishasema kwamba jicho lina aina mbili za seli zinazohisi mwanga: za vijiti, zinazotusaidia gizani, na za koni, zinazotuonyesha rangi. Zikifa hizo, jicho limekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza Russell Foster alionyesha kwamba panya wenye retina iliyoharibika bado wanarekebisha saa zao kwa mwanga, na kufikia 1999 timu yake ilikuwa na panya wasio na kijiti wala koni hata moja, na bado saa zao zilitii. Ukiwatoa macho, utiifu unakoma. Wataalamu wa macho hawakumpokea kwa vigelegele. Watu walikuwa wamelichungulia jicho kwa hadubini miaka 150, iweje aina nzima ya seli iwapite?

Iliwapita. Mwaka 1998 Ignacio Provencio alitoa habari ya kemikali mpya inayohisi mwanga, melanopsini, aliyoikuta mahali ambapo usingetarajia: ngozi ya chura. Miaka miwili baadaye akaikuta kwenye retina ya binadamu. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown alionyesha seli zenyewe zikifanya kazi. Ni za tabaka la ndani la retina, zile zinazopeleka habari kwenye ubongo, na ni asilimia chache tu kati yake zenye melanopsini. Hazichori picha wala sura ya mtu. Kazi yake ni kupima mwangaza, zaidi ule wa buluu wa anga la asubuhi, na kuupeleka moja kwa moja kwenye saa.

Kwa binadamu dalili zilikuwepo tayari. Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake huko Boston waliwamulika usiku watu 11 wasioona kabisa, wakapima melatonini. Wengi wao, hakuna kilichobadilika. Watatu, homoni ilishuka kama kwa mtu anayeona, ingawa wenyewe walisema hawaoni mwanga wowote. Wawili kati yao walipojaribiwa wakiwa wamefunikwa macho, haikushuka. Mwaka 2007 ukafuata mfano ambao nikiusimulia watu hunitazama kwa wasiwasi. Bibi wa miaka 87, asiye na kijiti wala koni inayofanya kazi, aliombwa aseme kama taa imewashwa au imezimwa. Aliona ni swali la mzaha. Kwa taa ya buluu akapatia, na rangi nyingine hapana.

Mwalimu wa Morogoro, basi, ugonjwa ulimla vijiti na koni ukaziacha hizi. Jicho lake halioni, lakini liko kazini. Mjomba hakuachiwa kitu.

Nadhani hapa ndipo lugha yetu inapotuponza. Tuna neno moja, upofu, na tunalitumia kama vile ni chumba kimoja chenye giza moja. Shirika la Afya Duniani lenyewe linamhesabu mtu kuwa haoni akiwa hawezi kuhesabu vidole vilivyo mita tatu mbele yake, na wengi katika kundi hilo bado wanapata mwanga. Mwenye mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kuleta upofu kwetu, ni kama mtu aliyewekewa kioo cha ukungu dirishani. Mwanga unapita, retina iko salama, na saa yake kwa kawaida haisumbui. Mwenye makovu ya vikope kwenye konea hali kadhalika. Presha ya macho ni nyingine: inaua seli zilezile zinazounda mshipa wa fahamu wa jicho, na seli za melanopsini zimo humo. Ikifika mwisho, mtu anaweza kupoteza picha na wakati pamoja. Na mtu aliyetolewa macho yote mawili, kwa ajali au kwa saratani, hana tena mlango wa mwanga. Kati ya wasiopata mwanga kabisa, zaidi ya nusu wana saa inayohama.

Ukiwaza maisha ya kundi hilo, utaona ni mzigo juu ya mzigo. Mtoto wa shule ya bweni ya wasioona anaamshwa na kengele wakati mwili wake uko saa saba za usiku. Darasani anasinzia, mwalimu anaandika hana bidii, na baada ya wiki nne anakuwa wa kwanza kwa maswali. Mpokea simu kwenye swichibodi, kazi waliyopewa wengi wasioona, anasifiwa mwezi huu na kupewa onyo mwezi ujao. Mabadiliko hayo ya hali ndiyo yanayowakosesha huruma ya watu. Mgonjwa wa kila siku tunamwelewa. Anayepona na kuugua bila sababu tunamwita mvivu, au tunamtafutia pepo. Mkazamjomba alimchinjia mbuzi mmoja na majogoo sijui wangapi, na kwa kuwa nafuu huja yenyewe baada ya muda, mganga hakuwahi kushindwa.

Tiba ipo, na imetoka kwenye tezi ileile. Ikiwa mwanga hauwezi tena kuisukuma saa, melatonini inaweza, ikitolewa kwa wakati mmoja kila siku. Mwaka 2000, kundi la Robert Sack na Lewy huko Oregon liliwapa watu saba wasioona miligramu 10 kila usiku kabla ya kulala. Sita saa zao zilitulia. Wa saba aligoma, na yeye ndiye aliyekuwa na siku ndefu kuliko wote: saa 24.9, maji ya mjomba hayo tena. Wakampandishia hadi miligramu 20, akagoma. Baadaye wakampa nusu miligramu tu, akatulia. Dozi kubwa ilikuwa ikikaa mwilini muda mrefu mno na kuigusa saa wakati mbaya, ikiisukuma huku na kuivuta kule. Mwaka 2014 Marekani ikaidhinisha dawa maalumu kwa ajili ya tatizo hili, tasimelteoni, inayoiga melatonini. Bei yake ni ya kuogofya hata kwa Wamarekani, kwa hiyo sitaipigia debe hapa.

Nitaipigia debe subira. Dawa hizi hazileti usingizi wa usiku huohuo. Zinaweza kuchukua wiki au miezi, kwa sababu lazima saa inayohama ifike mahali inapokamatika. Anayejinunulia kichupa na kumeza leo saa moja, kesho saa tano, anaweza hata kuharibu zaidi. Saa ya kumeza ndiyo dawa yenyewe, na kuipanga ni kazi ya daktari. Mwenye macho yanayopata mwanga hata kidogo ana tiba ya bure: atoke nje asubuhi, akae uani bila miwani nyeusi. Nimeona familia zikimficha mzee kwenye chumba chenye pazia siku nzima kwa sababu "haoni kitu". Haoni, ndiyo, lakini jua analihitaji.

Na kuna jambo zito zaidi. Jicho lililokufa kwa kuona hutolewa mara nyingine kwa sababu ya sura, ili liwekwe la bandia. Ikiwa lina saratani au maumivu yasiyotulia, litoke, uhai na nafuu vina kipaumbele. Lakini likiwa halina dhambi zaidi ya kutopendeza, na mwenyewe bado analala usiku na kuamka asubuhi, hilo jicho huenda ndilo linalomshikilia. Kabla hajatia sahihi fomu ya upasuaji, daktari aulizwe kama jicho hilo bado linahisi mwanga, na mgonjwa aulizwe anavyolala.

Mjomba alifariki mwaka 1998, miaka miwili kabla ya ule utafiti wa Oregon. Kalenda za mkazamjomba zilikwenda zilikokwenda kalenda zote za zamani: tulijalidia madaftari. Langu la hesabu la darasa la sita ninalo mpaka leo, na kwenye jalada lake, jumla ya miezi minne, alama za mkaa bado zinasomeka. Kutoka usiku mbaya wa kwanza wa mzunguko mmoja hadi wa kwanza wa unaofuata nimehesabu siku 47. Gawanya saa 24 kwa 47 utapata nusu saa, ileile aliyonitajia.

Kama nyumbani kwako yupo asiyeona ambaye usingizi wake una majuma mazuri na majuma mabaya, tafuta kalenda. Andika kila siku saa aliyolala na saa aliyoamka, pamoja na usingizi wa mchana, kwa wiki saba. Usimkemee wala usimwamshe. Kisha mpeleke kwa daktari wa macho mkiwa na karatasi hiyo mkononi.